Kibegi cha Chini ya Kiti

Basi lilikuwa limeshaondoka Mombo na kushika njia ya Korogwe, abiria wa mbele wameanza kusinzia, ndipo kondakta Mbaraka alipopita kukagua tiketi akakuta kiti namba kumi na nne hakina mtu. Kilikuwa na kibegi. Kibegi cha kitambaa, cha kijivu, kimekaa dirishani wima kama mtoto aliyeambiwa asisogee. Mbaraka akatazama nyuma, akatazama mbele, akajaribu kukisukuma chini ya kiti. Hakikuingia. Akakirudisha palepale, akaendelea na tiketi za wengine.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Ndege ya Evelina Shemweta, mwenye kiti hicho, iliondoka Dar es Salaam jioni ya siku hiyo bila yeye. Alhamisi kibegi kilirudi Lushoto na basi lilelile, kikawekwa juu ya meza ya Sajini Mwanaheri wa upelelezi, mama wa miaka arobaini na nne aliyekuwa hapendi kuharakishwa.

Mkuu wake, Inspekta Hezekia, alisimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Binti ana miaka ishirini na tatu," akasema. "Anapelekwa Ujerumani mwaka mzima kulea wazee wa watu. Kashuka Mombo, kamfuata kijana wake. Kijana yuko Mazinde, kijiji kizima kinamjua. Nenda ukamkute anamsongea ugali, tufunge jalada."

"Na pasipoti kaiacha kwenye begi?"

"Aliyekimbia safari anataka pasipoti ya nini?"

"Ya kuchoma moto, afande. Ya kuficha. Mtu hatupi karatasi aliyoihangaikia miezi saba."

"Wewe bwana," alisema Hezekia, kama alivyozoea kumwita, akaondoka na chai yake.

Mwanaheri alivaa glavu. Kwanza alipiga picha, begi likiwa limefungwa. Kisha akachukua rula. Urefu, sentimita arobaini. Upana, thelathini. Unene, ishirini na saba. Kwenye mfuko wa mbele kulikuwa na karatasi ya tiketi, imekunjwa mara nne, na mtu alikuwa ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu sehemu moja: abiria anaruhusiwa mfuko mmoja mdogo wa kukaa chini ya kiti cha mbele yake, usiozidi arobaini kwa thelathini kwa ishirini. Tiketi yenyewe ilikuwa ya bei ya chini. Hakukuwa na mzigo mwingine wowote. Mwaka mzima wa binti yule ulitakiwa uingie humo.

Akafungua zipu.

Akapiga picha nyingine tatu. Vitu vizito vilikuwa chini, kila pembe na chake: kiatu kimoja huku, kimoja kule, Biblia pembe ya tatu, chaja na dawa pembe ya nne. Nguo zilikuwa zimekunjwa ndefu ndefu na kusimamishwa pembeni kuzunguka begi. Juu yake nguo laini, zimevimba kama kilemba. Na katikati hakukuwa na kitu. Palikuwa na tundu, kutoka juu mpaka chini, upana wa ngumi. Mwanaheri aliingiza mkono, ukashuka mpaka ukagusa kitambaa cha chini.

Alitoa kitu kimoja kimoja. Blauzi nyeupe ilikuwa imefuliwa bila sabuni, ikakamuliwa, ikakunjwa kabla ya kukauka. Mkononi ilikuwa na kivuli cha udongo mwekundu. Kurasa za Biblia zilikuwa zimevimba kwa maji. Mkanda wa begi ulikuwa umekatika na kushonwa upya kwa kamba ya katani, mishono mirefu ya sindano ya gunia. Pasipoti ilikuwa ndani ya kijifuko kidogo cha kitenge chenye uzi wa kuvaa shingoni. Fundo la uzi lilikuwa bado limefungwa. Uzi wenyewe ulikuwa umekatwa kwa kisu, upande wa pili wa fundo.

Aliutazama uzi ule zaidi kuliko alivyotazama vitu vingine vyote. Kisha akaandika, akapiga mhuri, akafunga kabati.

*

Mbaraka alikutwa stendi ya Lushoto, akipakia mizigo.

"Alipanda Soni," alisema Mbaraka haraka. "Mombo akashuka, kama abiria wengine, kununua machungwa. Hakurudi. Sasa mimi ningefanyaje, afande, nimsubirie abiria mmoja na basi zima lina safari?"

"Alivaa nini?"

"Alivaa... gauni."

"La rangi gani?"

"Afande, mimi naangalia tiketi. Siangalii magauni ya watu, nina mke."

Wapakiaji walicheka. Mwanaheri hakucheka. Aliandika maneno yake yote, akamsomea, akamfanya atie sahihi, akapanda gari la serikali kushuka Mazinde.

Kule chini joto lilikuwa jingine kabisa. Rashidi, kijana wa miaka ishirini na nane, alikuwa amelala chini ya kirikuu chake akifunga nati. Gari lile lilikuwa likibeba mboga na matunda kutoka Soni kushuka barabara kuu. Aliposikia jina la Evelina alitoka chini ya gari haraka mpaka akajigonga paji.

"Shikamoo, afande. Amepiga? Amefika?"

"Marahaba. Nani kakwambia alikuwa anakwenda mahali?"

"Mimi ndiye niliyemnunulia begi."

"Nieleze begi."

Rashidi alijifuta mikono kwa kitambaa chenye oili, ikazidi kuchafuka.

"Tulikwenda mtumbani Mombo, mara tatu. Mimi nilishika moja zuri, lina magurudumu, lina mpini wa kuvuta. Akanicheka. Akasema magurudumu yanakula nafasi, na mpini unakula nafasi, utabaki unasafirisha magurudumu Ulaya. Alikuja na futi ya fundi cherehani, anapima kila begi mbele ya watu. Wauzaji wakamwita Bi Sentimita. Lenye ubao mgongoni akalikataa, akasema ndege ya pili ndiyo kali, kuna kisanduku cha chuma wanatia begi lako, lisipoingia unabaki. Akataka la kitambaa, laini, likibanwa libanike. Tulipata hilo la kijivu. Mkanda ulikuwa umechakaa kidogo. Nikamwambia tuushone upya, akasema unatosha."

"Ulikuwa haujakatika?"

"Haujakatika. Kwa nini, umekatika?"

"Endelea. Nani alifungasha?"

"Yeye. Alijifunza hapa kwenye kiti changu cha gari, wiki nzima nikibeba mzigo. Anafungasha, anakisukuma chini ya kiti, hakiingii, anatoa sweta. Anakisukuma tena. Mwisho akaamua sweta na koti atavivaa, na viatu vizito atavivaa, atoke Dar na jasho lake lote, basi. Raba ndizo zikaingia, na ndani ya raba akajaza soksi. Ndani ya soksi akajaza hereni zake. Nilimwambia, Evelina, hata hewa umeikatalia safari." Rashidi alijaribu kucheka. "Kikaingia chini ya kiti. Kikaingia kabisa, mguu unapita juu yake."

"Hakukuwa na nafasi yoyote katikati?"

"Nafasi? Afande, usingepitisha kidole."

Mwanaheri aliandika. Kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Jumatatu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Mombo. Nilisimama pale mabasi yanaposimama, nimpungie mkono. Basi lilikaa dakika nne au tano. Nilizunguka madirisha yote, upande huu na upande huu. Hakuwemo. Nikadhani amebadilisha basi. Au baba yake kamwambia ajifiche, asinione." Akakikunja kitambaa cha oili. "Nilikuwa nimemwambia nitasubiri huo mwaka mmoja. Akaniambia mwaka una siku nyingi, Rashidi, utachoka. Basi."

"Simu yake umepiga?"

"Mpaka leo asubuhi. Haipatikani."

Watu watatu walikuwa wameshasogea kusikiliza. Mmoja wao, mama muuza maharage, aliinua sauti: "Jumatatu huyu alikuwa pale Mombo kweli, afande! Alinizuia kuuza, anazunguka basi kama mgambo!" Mwanaheri akaandika na jina la mama yule.

Jioni alimpigia Mbaraka simu. Alimwambia maneno mawili tu: hakuonekana Mombo. Upande wa pili Mbaraka alitoka kwanza kwenye kelele za stendi.

"Afande," Mbaraka akasema mwishowe, "mimi hata sikumwona. Soni wanaingia watu ishirini kwa mpigo, wauza karoti, wauza peasi, wanaingia mlango wa mbele wanatoka wa nyuma. Nilikuta begi limeshakaa kwenye kiti. Mtu akapiga bodi, akasema twende. Nikajua kapanda, kasimama na wenzake nyuma. Tumefika Korogwe nikaona tiketi kwenye mfuko wa begi, ndiyo nikajua nimemwacha mtu wa ndege. Mtu wa ndege, afande! Wangenifukuza. Nikasema kashuka Mombo."

"Aliyesema twende ni mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamume. Mtu mzima. Sauti yake ilikuwa imekauka."

*

Nyumba ya kina Shemweta ilikuwa juu ya Soni, mwendo wa nusu saa kwa mguu kutoka barabarani ukizunguka, na dakika ishirini ukipita njia ya mkato inayoshuka mtoni. Mwanaheri alifika Ijumaa asubuhi, ukungu ukiwa bado umekalia migomba. Alizunguka.

Esta, mama yake Evelina, alikuwa amekaa karibu na dirisha. Simu ilikuwa imening'inizwa kwa uzi kwenye nondo ya dirisha, mahali pekee mtandao ulipokuwa unashika. Waya wa chaja ulikuwa umechomekwa, ingawa chaji ilikuwa imejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Amepiga kwenu?"

"Bado, mama."

"Huko kwenyewe nasikia wanabadilisha laini kwanza. Laini ya huku haifanyi kazi. Inaweza kuchukua wiki." Alimtazama Mwanaheri usoni. "Inaweza, eti?"

Mwanaheri aliomba kukaa. Akakaa kwenye benchi la mbao.

"Hilo hilo benchi," alisema Esta, na uso wake ukafunguka. "Chini ya hilo ndiko alikokipimia. Jumapili tumetoka kanisani, hakula. Akatandika khanga hapo chini akaanza. Mara nne kafungua, mara nne kafunga. Nilimpa asali, chupa nzima, ya mizinga yetu. Akasema, mama, kimiminika hakizidi chupa ya dawa ya kikohozi, watainyang'anya waitupe. Nikakasirika. Asali ya kwetu itupwe? Akachukua kichupa cha dawa ya mtoto, akakichemsha, akatia asali kidogo, akakiweka kwenye nailoni nyeupe waione. Akasema hiyo ndiyo asali ya mwaka mzima, mama, nitakuwa nanusa tu."

Kichupa hicho hakikuwemo kwenye begi. Mwanaheri aliikumbuka hesabu yake ya vitu, akakiandika.

"Pasipoti aliweka wapi, mama?"

"Shingoni. Nilimshonea kijifuko cha kitenge. Alfajiri ile kasimama hapo mlangoni na mimi nikamfunga mwenyewe, fundo langu, ndani ya sweta. Nikamwambia usikivue hata ukienda chooni. Akasema, mama, nitaoga nacho."

"Fundo lako likoje?"

Esta alichukua kipande cha uzi kwenye kikapu cha kushonea, akafunga, mara mbili kulia, mara moja ndani. Akamwonyesha, huku anatabasamu kidogo. Mwanaheri alilitazama. Lilikuwa ndilo.

Alikaa akilitazama lile fundo mpaka Esta akauliza kama uzi una kasoro.

"Hauna, mama. Nani alimsindikiza barabarani?"

"Baba yake. Mimi goti hili haliteremki. Walipita mtoni wawahi. Aliporudi nilikuwa nimesimama hapo hapo nikamwuliza, Baba Anord, amepata dirishani? Akasema, amepata." Akaweka uzi kikapuni. "Hana maneno mengi siku hizi. Kaka yake Evelina, Anord, alipoondoka ilikuwa hivi hivi, na Anord ana mwaka wa tisa hatujui aliko. Kila siku anashuka mtoni kuchota maji ya kuoshea peasi. Namwambia mvua imenyesha, maji yako hapa kwenye pipa. Anashuka tu."

"Yuko wapi sasa?"

"Uani. Anafungasha."

*

Yohane Shemweta alikuwa mzee wa miaka sitini na nane, mfupi, mwenye koti la kaki na kofia ya sufu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya tenga kubwa la fito. Sindano ya gunia ilikuwa imechomekwa kwenye ukosi wa koti, na kamba ya katani ikining'inia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Hakuuliza habari. Mwanaheri alichuchumaa pembeni yake, begi la kijivu likiwa ndani ya mfuko wa karatasi wa polisi, akautia nyuma ya mguu wake. Aliangalia mikono ya mzee. Mzee alisimamisha mwanzi mnene katikati ya tenga. Akatandika majani makavu ya mgomba. Peasi ngumu chini, kwenye pembe, zikiegemezwa. Halafu nyingine kuzunguka mwanzi, zimesimama, moja inaishika nyingine. Laini juu. Tenga lilipojaa aliushika mwanzi kwa mikono miwili, akauvuta polepole, ukatoka. Likabaki tundu, kutoka juu mpaka chini, upana wa ngumi.

"Hilo la nini, mzee?"

"Pumzi." Alizungumza bila kumtazama. "Peasi zinatoa joto, mama. Ukizishindilia zinachemka njiani. Tenga likiwa na pumzi linafika Dar zima."

"Soni wote wanafungasha hivi?"

"Wale? Wale wanajaza lumbesa tu, wanapiga na mguu. Hii alinifundisha marehemu baba. Mimi tu nimebaki. Wanunuzi wanajua. Wakitia mkono wakakuta tundu, wanasema hili la Yohane."

Mwanaheri alifungua mfuko wa karatasi. Begi alikuwa amelipanga upya kituoni kwa kufuata picha, kila kitu mahali pake. Akaliweka chini kati yao, akavuta zipu.

"Tia mkono, mzee."

Yohane hakutia mkono. Aliliangalia begi muda mrefu. Jogoo alipita katikati yao, wakamwacha apite.

"Yeye hakuacha pumzi," alisema Mwanaheri. "Alijaza mpaka ndani ya soksi. Mtu alilifungua baada yake akalifunga tena. Likavimba. Halikuingia hata chini ya kiti cha basi."

"Nguo hazichemki," alisema Yohane taratibu. "Sikufikiri. Mikono ilifanya yenyewe."

"Yuko wapi, baba?"

"Mtoni."

Mwanaheri alitoa daftari. Akamweleza haki zake kwa sauti ya chini, neno kwa neno, kama inavyotakiwa. Kwamba halazimiki kusema, na akisema litaandikwa. Mzee aliitikia kwa kichwa kila sentensi, kama mtu kanisani.

"Nilimwambia tusubiri peasi ziishe," alisema. "Wiki mbili. Namalizia mavuno peke yangu, mama yake goti bovu. Akacheka, akasema ndege haingoji peasi, baba. Mimi nilidhani ndege ni kama basi. Ukilikosa la leo unapanda la kesho kutwa, unawaomba wanakuandika tena. Nikasema moyoni, basi tu limpite. Nikilishika begi mpaka basi lipite, atanuna siku mbili, atakaa wiki mbili. Tulipofika pale njia inapopinda juu ya mwamba nikalishika. Begi, mama. Yeye sikumgusa. Mimi nimeshika begi, yeye kashika mkanda, ananiambia baba acha, baba nitachelewa, na anacheka bado. Mkanda ukakatika."

Akachomoa sindano ya gunia kwenye ukosi, akaiweka chini.

"Alikwenda kinyumenyume. Nilishuka. Alikuwa ameshakata roho. Begi nalo lilianguka, likafunguka, vitu vyake vyote majini, raba inaelea. Nikavifuata. Nikaviosha tope. Kichupa cha asali kilikuwa kimepasuka. Nikakaa kwenye jiwe nikavifungasha."

"Kwa nini?"

"Sijui. Havikutakiwa kukaa vile. Mkanda nikaushona. Pasipoti nikaitoa shingoni, fundo likanishinda, vidole havikushika, nikakata kwa kisu cha kupogolea. Halafu nikasikia honi ya basi kule juu Soni, kumbe lilikuwa limechelewa. Tiketi ilikuwa imeshakatwa. Nikapanda na kibegi, nikakiweka kwenye kiti chake, nikashuka. Nikasema, hiki angalau kiende."

"Na nyumbani?"

"Nilikuwa nakuja kusema. Nilikuwa na maneno tayari, mlima wote ule nayapanga. Nikamkuta kasimama mlangoni. Akaniuliza, amepata dirishani?"

Alipangusa uso kwa kofia.

"Nimemlaza chini ya mwamba, mahali pakavu. Nimemfunika majani ya mgomba. Kila asubuhi nashuka nabadilisha."

Mwanaheri aliandika mpaka mwisho. Saa ilikuwa nne na dakika kumi. Alimpigia Hezekia simu, akamwambia maneno machache: alete daktari, machela, na mchungaji kama anapatikana. Hezekia alianza kuuliza kitu, akaacha, akasema anakuja.

Mlango wa uani ukafunguka. Esta alikuwa amesimama na sinia, vikombe viwili na thermosi, akilivuta goti lake.

"Baba Anord, mgeni hajanywa chai. Na simu imelia nikadhani ni..." Aliona begi. Akalitazama, akamtazama Mwanaheri, akaanza kutabasamu. "Kumbe mmelipata! Sasa atakuwa anavaa nini kule?"

Yohane alimgeukia Mwanaheri. "Mwambie wewe," alinong'ona. "Nakuomba. Wewe una maneno ya kazi."

"Hapana, baba. Utamwambia wewe. Mimi nitakaa hapa hapa."

Alisimama, akampokea Esta sinia, akaiweka juu ya pipa. Akamsogezea kigoda. Mzee hakuinuka kwenye magoti yake; alimsogelea mkewe hivyo hivyo, akamshika mguu, akaanza kusema Kishambaa. Mwanaheri alizaliwa ng'ambo ya bonde lile, alielewa kila neno. Hakuandika hata moja.

Esta alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, akimwuliza Mwanaheri, siyo mumewe:

"Jumatatu?"

"Jumatatu, mama."

"Na mimi nimechaji simu siku tano."

*

Evelina alizikwa Jumapili nyuma ya kanisa, baada ya ibada ya pili. Daktari aliandika kuwa alivunjika shingo na kwamba alikufa papo hapo.

Yohane alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Hakukana. Jaji alimpa miaka minne, akasema amezingatia umri wake na kwamba hakumgusa binti kwa mkono. Yohane aliomba aongezewe, jaji akamwambia mahakama haifanyi kazi hivyo.

Mbaraka alifukuzwa kazi kwa kutoa maelezo ya uongo. Sasa anapiga debe Korogwe.

Rashidi aliuza kirikuu akahamia Tunduma. Hajaoa.

Familia ya Ujerumani iliyomsubiri Evelina ilituma barua ya rambirambi, kurasa mbili. Mchungaji aliitafsiri ibadani. Mwaka uliofuata alikwenda binti mwingine, wa Bumbuli, akafika salama.

Anord alisikia habari kwa watu, akaja mwezi wa nne. Alikaa siku sita, akaezeka upya jiko la mama yake, akaondoka.

Inspekta Hezekia alistaafu. Mwanaheri alihamishiwa Handeni mwezi wa saba, kwa ombi lake mwenyewe.

Esta hakwenda gerezani kumwona mumewe mwaka wote wa kwanza. Watu walimsema, wengine kwa kumtetea, wengine kwa kumlaumu, hakumjibu yeyote. Mwaka wa pili alianza kwenda, kila baada ya miezi miwili. Askari wa zamu anasema wanakaa nusu saa pande mbili za meza, hawazungumzi, na muda ukiisha ndiye Esta anayeomba waongezewe dakika tano.